Nimepata mwaliko wa kuona filamu ya anga kabla haijatoka, nipo Moshi shoo ipo Arusha usiku, mliowahi kwenda nipeni mwongozo

KiboshoMmoja

Wakuu habari za mchana, naandikia kazini kwa hiyo nikipotea mjue kuna mtu kapita nyuma yangu.

Iko hivi, kuna filamu ya anga inatoka rasmi Ijumaa, jina sitaitaja humu maana walioalikwa ni wachache na Jumatano ofisini nimeshaaga naenda kliniki, na bosi wangu mtandaoni yupo kuliko hata sisi. Wanaofuatilia hizi mambo watajua tu. Ni mwendelezo, ile ya kwanza iliisha rubani yuko nje ya chombo ananing'inia na mlango umefungwa, wakatuacha hapo hapo miaka na miaka. Mimi niliikuta kwenye flashi, yule jamaa anayejaza muvi pale karibu na stendi sikumuomba hata, aliiweka tu kujaza nafasi iliyobaki, na tangu siku hiyo nimeirudia mpaka nyumbani wananiita kwa jina la rubani, mama mkwe ndo kaanza.

Tatizo langu hapa Moshi sina mtu wa kuongea nae. Kijiweni ni Simba na Yanga, ukianza kuelezea kwanini chombo kinazunguka ili watu wasielee humo ndani wanakuangalia wanauliza kama umekula. Sasa ukumbi mmoja wa Arusha walianzisha shindano kwenye ukurasa wao, maswali kuhusu ile ya kwanza, nikajibu yote mpaka lile la namba iliyoandikwa kwenye buti la fundi mitambo, nikapata nafasi mbili. Shoo Jumatano saa mbili usiku.

Naomba kuuliza, ukiwa na mwaliko ina maana siti unayo au ni kugombania kama daladala, na simu ni kweli wanachukua, halafu mimi navaa miwani ya macho na nasikia hii itakuwa ya zile miwani nyingine za 3D sasa navaa juu ya hii yangu au inakuwaje, na shoo ikiisha kama saa tano hivi kuna cha kunirudisha Moshi au nitafute gesti kabisa. La mwisho ndo linaninyima usingizi. Nimchukue nani. Mke wangu filamu yoyote robo saa ameshalala na hii haijui kabisa, au kuna dogo mmoja wa kazini anayejifanya anaijua. Wote wawili hawajui kama nafasi ni mbili.

ChaliiWaKijenge

Oya mangi karibu Chuga.

Nianze na hili la siti maana ndo wengi wanalia nalo pale mlangoni. Mwaliko sio siti. Tiketi ya bure watu hawaionei uchungu, mvua ikinyesha kidogo nusu hawaji, kwa hiyo waandaaji wakiwa na siti mia mbili wanagawa mialiko zaidi ya hiyo ili ukumbi usionekane mtupu mbele ya wadhamini. Siku wote wakitokea ndo unaona watu na kadi zao mkononi wanaambiwa samahani. Fika saa kumi na mbili, simama kwenye mstari, kula bisi zako hapo hapo.

Kwa hiyo Moshi toka saa saba, usizidi saa nane. Ni kilomita 80 tu najua, lakini coaster ikishapita Boma kila kijiji ni hamsini na kila kona ina trafiki, Kikatiti hapo, Maji ya Chai, Usa, halafu Tengeru ikiwa siku ya soko umekwisha, na Jumatano ndo siku ya soko Tengeru. Usije ukasema sikukuambia.

Kukaa: usikimbilie nyuma kabisa kama harusini. Hesabu safu kutoka kwenye skrini, theluthi mbili kwenda nyuma, katikati. Wanaofunga spika za kumbi wanapimia sauti maeneo hayo. Na kwa hizi za miwani ukikaa pembeni picha inakuwa kama imepinda.

Miwani vaa juu ya yako, inakaa tu ila inateleza puani. Omba kubwa, zipo.

Kurudi Moshi saa tano usiku sahau coaster. Unaweza kubahatika Noah inayosubiri ijae, ambayo itajaa saa saba. Lala Kaloleni gesti zipo za kila mfuko, asubuhi unapanda ya kwanza unawahi kazini na kliniki yako. Halafu njoo na koti zito, mwezi wa saba huu Arusha sio Moshi, na humo ndani wanawasha kiyoyozi kama wanahifadhi samaki.

SubiriIshuke

Mimi sielewi mnachokimbilia. Nauli, gesti, chakula, siku ya kazi imeliwa, ili uone kitu siku mbili kabla ya wengine? Wiki mbili tu itakuwa kwenye flashi ya huyo huyo jamaa wa stendi. Na kwa upande wangu filamu isiyo na sauti ya Lufufu, yule wa kutafsiri muvi kwa Kiswahili, bado haijakamilika, mzungu anaongea dakika nzima Lufufu anasema "anasema hatoki mtu hapa" na unaelewa zaidi kuliko waliosoma.

ChaliiWaKijenge

@SubiriIshuke hahaha umejipinga mwenyewe mzee. Lufufu ulimsikilizia wapi kama sio kibanda umiza, mmebanana kwenye benchi watu sitini na jasho, mbabe akiingia wote mnapiga kelele, anayejua mbele anatishiwa makofi. Ndo hicho hicho anachofuata huyu mangi, tofauti ni kiyoyozi.

MzeeWaProjekta

Kijana mwenye thread, salaam. Mimi nilifanya kazi ya kuonyesha sinema miaka mingi, tangu enzi za mikanda, Metropole ya Arusha naijua kwa mlango wa nyuma. Nikujibu la simu, maana watu wanadhani ni majivuno ya walinzi.

Zamani sinema ilikuja kwenye makopo. Mkanda mmoja unaenda kama dakika ishirini, sinema ya saa mbili ni makopo sita, picha 24 kila sekunde, na projekta zilikuwa mbili, huu ukikaribia kuisha unaangalia alama ya duara kona ya juu kulia, unawasha ule mwingine. Ukichelewa ukumbi mzima unakupigia miluzi, ukibadilisha makopo shujaa anafufuka kabla hajafa. Kuiba mkanda ilibidi uubebe mgongoni.

Siku hizi inakuja kwenye diski, faili zimefungwa kwa siri. Diski peke yake ni chuma tu. Ufunguo unakuja mbali, mara nyingi kwa barua pepe, na umetengenezwa kwa ajili ya seva ya projekta ile ile ya ukumbi ule ule, ukiupeleka ukumbi wa jirani haufungui. Tena una saa zake, unaanza kufanya kazi tarehe fulani saa fulani na unakufa tarehe fulani. Kwa hiyo hiyo shoo yako ya Jumatano ni lazima wenye filamu wamewatumia ufunguo unaofunguka mapema kuliko wa Ijumaa, na ndiyo maana wana wasiwasi. Ikivuja kabla ya siku yake, lawama hazina pa kutawanyika. Kwenye picha na sauti kunakuwa na alama ambazo macho yako hayazioni, mtu akirekodi kwa simu wakaipata hiyo video wanajua ilirekodiwa ukumbi gani na saa ngapi. Mwenye ukumbi anaweza akanyimwa filamu kwa ajili ya kijana mmoja anayetaka kupendwa na wafuasi wake. Kwa hiyo wakisema zima, zima. Sio kupunguza mwanga, zima.

MamaWawili_Majengo

Mpeleke mkeo kaka. Tena mwambie leo kwamba nafasi ni mbili kabla hajakuta hii mada. Huyo dogo wa kazini atakuambia kinachofuata kabla hakijatokea.

Na hilo la kusinzia, mimi nalala kwenye tv ya nyumbani kwa sababu nimechoka na wewe umekaa na rimoti unarudisha nyuma kila dakika kunielezea. Ukumbini hakuna rimoti. Halafu usimwelezee humo ndani tafadhali, hakuna kinachoudhi kama mwanaume anayenong'ona historia ya sayari.

Ila uangalie daraja la umri kwenye bango kama mnafikiria kubeba mtoto. Hata iwe ya kuonyeshwa mapema haiwezi kuonyeshwa hadharani bila kupita Bodi ya Filamu ikapangiwa daraja, sheria ipo tangu 1976.

Sanare_wa_Ngaramtoni

Nimekuja kuongeza kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa, samahani itakuwa ndefu.

Watu wanachanganya. Kuna kuonyesha kwa majaribio, hapo filamu haijaisha, wanaita watu wa kawaida wanawapa karatasi za kujaza, na majibu yanaweza kubadilisha filamu. Kuna ya waandishi, hao wanakatazwa kuandika mpaka tarehe fulani. Na kuna hii ya kwako ya mashabiki, ambayo filamu imeshaisha, hakuna anayetaka ushauri wako, wanachotaka ni wewe utoke pale umechanganyikiwa kwa furaha ukawaambie watu waje Ijumaa. Sisemi ni vibaya. Nasema ujue umeitwa kufanya kazi gani.

Ya majaribio imewahi kuharibu kazi nzuri. Blade Runner mwaka 1982 waliiweka mbele ya watu Denver na Dallas, wengi wakatoka hawajaelewa, studio ikaingiwa na hofu, wakaongeza sauti ya mhusika mkuu Harrison Ford anaelezea hadithi kama anasoma risiti, wakabandika na mwisho wa furaha, tena zile picha za milima za mwishoni ni vipande vilivyobaki kwenye The Shining ya Kubrick. Toleo la 1992 likatoa vyote viwili, 2007 muongozaji mwenyewe, Ridley Scott, akatoa lake la mwisho. Kwa hiyo kuna watu walikaa miaka kumi wanajua filamu ambayo muongozaji hakuikusudia, kwa sababu ya karatasi zilizojazwa kwenye majaribio hayo. Kubrick nae 2001: A Space Odyssey aliizindua Washington tarehe 2 Aprili 1968, siku chache baadae akaikata kama dakika 19, ila yeye alikata mwenyewe.

Sasa ya mashabiki inadanganya kwa njia nyingine. Chukua Serenity. Kulikuwa na tamthilia inaitwa Firefly, Fox ya Marekani waliianza 2002 wakaikata kabla vipindi vyote 14 havijarushwa. Mashabiki wakapiga kelele, DVD zikauzika, Universal wakakubali kutengeneza filamu, ndo hiyo Serenity. Mei 2005 wakaanza kuwaonyesha mashabiki kwenye miji kumi ya Marekani wakati kazi ya picha haijakamilika, tiketi zikaisha, wakaongeza miji, zikaisha tena. Mtu aliyekaa kwenye ukumbi ule angeapa kwamba hii inakwenda kufunika kila kitu. Ikatoka rasmi tarehe 30 Septemba 2005, wikendi ya kwanza kule Marekani kama dola milioni 10, mpaka inamaliza mzunguko dunia nzima ni kama milioni 40 wakati kuitengeneza peke yake kuligharimu kama milioni 39. Kwa akili yangu waliojaza kumbi mwezi wa tano walikuwa ndio hao hao wanunuzi wa mwezi wa tisa, jirani zao hawakuja.

Na ilikuwa filamu nzuri! Ndio uchungu wake.

Kwa hiyo mimi nipo na mama hapo juu, mchukue mkeo, lakini sababu yangu ni nyingine. Katika ukumbi mzima yeye ndo atakuwa mtu pekee anayeiona hiyo filamu. Nyie wengine mtakuwa mnaiona ile ya kwanza.

SubiriIshuke

@Sanare mkuu hii ni tasnifu sio komenti 😂 ila hiyo ya mwisho nimeikubali

RiziwaniHapa

Kaka.

Samahani hii ni wewe? Maana kuna mtu mmoja tu ninayemjua Moshi anayejua namba ya buti la fundi mitambo. "Dogo wa kazini anayejifanya anaijua." Sawa. Nimeona. Kliniki njema.

KiboshoMmoja

@RiziwaniHapa dogo nakuja hapo mezani kwako sasa hivi, usifanye kitu chochote.

ChaliiWaKijenge

😂😂😂😂 nimemwaga chai

KiboshoMmoja

Tumeelewana. Jumamosi namlipia ya kwake, na nauli, na chips. Bosi hajui.

Mke nimemwambia. Akauliza tunalala wapi nikasema Arusha, akauliza gesti au hoteli, hapo mazungumzo ya filamu yakaishia. Swali dogo tu, watu wanavaa? Namaanisha mavazi ya humo kwenye filamu. Memorial nimeona koti moja la mtumba la kijani lina mifuko mingi kama ya rubani, lakini mimi ni mtu mzima.

ChaliiWaKijenge

Vaa. Utajikuta wewe ndo umevaa kidogo kuliko wote. Kitu kimoja tu usibebe silaha ya bandia, hata ya plastiki, mlinzi wa getini hajaona ya kwanza.

KiboshoMmoja

Wakuu nimerudi. Leo Alhamisi usiku, nimelala mchana kidogo sasa niandike kabla sijasahau, na SITASEMA kinachotokea kwa hiyo someni tu bila woga.

Tulitoka Moshi saa saba na nusu, Tengeru soko lilitukamata kama mlivyosema, mama mmoja akapakia magunia ya parachichi mpaka chini ya miguu ya mke wangu. Ukumbini saa kumi na mbili kasorobo mstari ulishafika kwenye ngazi. Na mavazi, jamani! Kuna kijana alikuja na helmeti ametengeneza kwa kidumu cha mafuta ya kula cha lita ishirini, amekata, akapiga rangi ya fedha, kioo ni mfuniko wa sufuria, akivuta pumzi kunatokea ukungu kabisa kama kwenye filamu. Kuna wadada wawili wana mabuti na lile lile koti langu, sijui wote tulipita Memorial au vipi. Baba mmoja wa makamo na suti ya kazini hana vazi lolote lakini mfukoni ana kile kitambulisho cha chombo, amekichapisha mwenyewe na picha yake. Mke wangu akaniangalia akasema kumbe mko wengi.

Simu hawakuchukua, walibandika stika kwenye kamera na kutuambia tuzime, na kulikuwa na mtu anazunguka na kurunzi ndogo. Waliokosa siti walikuwepo, kama kumi hivi, sitaki kuongelea sura zao.

Sasa. Taa zikazima. Ile sauti ya kwanza, wanaoijua wanaijua, ile ya redio inayotafuta chombo na hakuna anayejibu, inalia mara tatu kabla picha haijaja. Mimi nimeisikia hiyo sauti kwenye spika ya simu, kwenye laptopu mbovu, kwenye tv ya sebuleni watoto wanalia, siku zote peke yangu. Ukumbi mzima ukanyamaza kwa pamoja, yaani hata bisi zikaacha kutafunwa. Na ile redio ilipojibiwa safari hii, siwezi kusema na nani, watu walisimama. Yule wa kidumu aligonga kichwa cha mtu wa mbele. Yale maneno ya rubani, "bado nina mkono mmoja", ambayo mimi nilidhani ni sentensi niliyoipenda mimi tu hakuna mwingine aliyeitilia maanani, alipofungua mdomo watu wote wakayasema kabla yake. Sijui niseme nini zaidi hapo, koo lilikuwa limebana.

Kama dakika kumi za mwanzo nusu ya maneno sikuyasikia kwa kelele. Miwani ya juu ya miwani inafanya picha iwe na giza, kwenye vita vya humo gizani ilibidi niivue niangalie ukungu tu. Halafu ni ndefu bana, saa mbili na dakika arobaini, katikati pale kwenye mkutano wa sayari walikaa mno.

Mke wangu HAKULALA. Saa nzima ya kwanza alikuwa ananicheka mimi. Baadae akatulia, akaanza kuangalia kweli, na kwenye ule ugomvi mkubwa unaosababisha kila kitu akaniinamia akauliza kitu kimoja tu, "huyu kwanini asimwambie tu dada yake?" Nikamwambia subiri. Nikasubiri nae. Hawakujibu. Mpaka inaisha hawakujibu, na mimi kabla hajauliza sikuwa nimeona kama kuna shimo hapo, nilikuwa nimeshapiga makofi.

Baada ya hapo hakuna aliyeondoka. Tulisimama nje kwenye maegesho, baridi kali, watu wasiojuana wanabishana kuhusu mlango wa chombo unavyofunga hewa mpaka mlinzi akaja kutuomba. Yule baba wa suti kumbe anafundisha fizikia sekondari, alichora na funguo ya gari kwenye vumbi jinsi mzunguko unavyowabana watu sakafuni, na kwanini kichwani unajisikia mwepesi kuliko miguuni kama chombo ni kidogo. Miaka yote nilikuwa nataka mtu anichoree hiyo. Kula tumekula nyama saa sita usiku, Kaloleni tumelala, coaster ya alfajiri, kazini nimefika kabla ya bosi. Akaniuliza daktari amesemaje nikamwambia nipumzike macho.

Sanare_wa_Ngaramtoni

Mke wako ameshika pale pale. Nami nilikuwepo jana, safu ya G, nilikuwa nimekaa kimya maana nilijua utakuja kuandika. Hilo la dada ni kosa la mwandishi. Kwenye ya kwanza redio ilikuwa imekufa kwa hiyo kutoambiana kulikuwa na sababu. Hapa wanaongea kwenye redio hiyo hiyo kila baada ya dakika tano, ila wakifika kwenye jambo moja lenye maana wote wanakuwa mabubu, kwa sababu wakiongea filamu inaisha. Ukitoa kelele za watu na ule mwanzo, mimi naipa alama ya wastani. Nitairudia Jumapili mchana ukumbi ukiwa mtupu nione kama bado nina hiyo alama.

KiboshoMmoja

@Sanare ulikuwepo na hukunisalimia?! Nilikuwa na koti la kijani!

Sanare_wa_Ngaramtoni

Makoti ya kijani yalikuwa kama nane mzee.

RiziwaniHapa

Msiseme zaidi hapo, dada nani, mimi naenda Jumamosi. Kaka umesema husemi kinachotokea.

KiboshoMmoja

Kwamba ana dada ulishajua tangu ya kwanza. Au hukujua? 👀

MamaWawili_Majengo

Mwache mtoto wa watu. Mimi nauliza, wangu wa kwanza ana miaka kumi, anazipenda hizi za anga kufa, anaweza kuiona hii? Na kiingereza chake ni cha shule ya msingi.

KiboshoMmoja

Dada kiingereza kitupu, maandishi ya chini hakuna, lakini mengi yanaeleweka kwa macho. Kuhusu umri angalia bango kwanza. Mimi kama mzazi ningesema kuna sehemu mbili za kumziba macho, moja mapema wakati wanafungua chumba cha kuhifadhia waliolala, moja kwenye vita. Damu sio nyingi, ila ile ya chumba hata mtu mzima amenishika mkono. Ukienda mchana hakuna miwani ya giza, nimeona ratiba ya Jumamosi ya saa nane ni ya kawaida, bora hiyo.

MzeeWaProjekta

Mama, pia kaa naye nyuma kidogo kuliko alivyoshauri huyu kijana wa Kijenge, sauti za chini za hizi sinema mpya zinatisha watoto kuliko picha zenyewe. Mwekee pamba masikioni, hatakosa kitu.

Halafu atakayependa hizi za kubuni za kisayansi na hajawahi kuona ya kwetu huku, atafute Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, 2009, dakika kama ishirini tu. Huyo wa miaka kumi ataielewa, maneno ni machache.

SubiriIshuke

Hiyo ya Jumamosi saa nane tiketi inauzwa pale pale mlangoni au mpaka mtandaoni? Namuulizia mtu.

ChaliiWaKijenge

Mlangoni zipo, fika saa saba. "Mtu" mwambie aje na koti.

MamaWawili_Majengo

Natoka Moshi Jumamosi saa nne na Noah ya shemeji, mimi na watoto wawili, zimebaki nafasi nne. Riziwani wewe moja, tukutane mzunguko wa YMCA. Wengine watakaochangia mafuta waje inboksi leo, na asiyemaliza kubishana kuhusu dada wa rubani atakaa siti ya nyuma.